Siku ngapi kwa wiki? Mabwana, watwana na ugomvi wa kikomo Hungaria

Mwaka 1767 maofisa wa kaunti za Hungaria walianza kupita kijiji kwa kijiji wakiwa na karatasi yenye maswali tisa. Kila walipofika waliwaita mkuu wa kijiji na wazee, wakawaapisha, kisha wakawauliza kwa lugha ya pale: Kihungaria huku, Kislovakia kule, Kijerumani kwingine. Mna hati inayotaja mnachodaiwa na bwana wenu? Kama hamna, mnafuata mkataba au mazoea, na mazoea hayo yalianza lini? Kijiji chenu kina faida gani na hasara gani? Kila mkulima ana ardhi kiasi gani? Mnafanya shokoa, yaani kazi ya lazima bila ujira kwa bwana, siku ngapi, na mnakwenda na wanyama wangapi? Fungu la tisa mnalitoa tangu lini? Mnatoa nini kingine kila mwaka? Viwanja vilivyoachwa bila mtu ni vingapi? Swali la tisa lilikuwa fupi: mna ruhusa ya kuhama, au ninyi ni watwana wa milele?

Wazee walijibu, karani akaandika, na wale wasiojua kuandika, yaani wengi wao, wakatia alama ya msalaba ubavuni mwa majina yao. Karatasi hizo zipo mpaka leo, maelfu kwa maelfu. Nimeanza nazo kwa sababu habari za ukabaila wa Ulaya Mashariki huwa zinasimuliwa kwa picha mbili tu, kiboko cha mnyapara na moto wa maasi. Picha zote mbili ni za kweli. Lakini kati ya kiboko na moto ilipita miaka mia mbili na nusu ya mabishano ya kila siku, na mabishano hayo yalizunguka lile swali la shokoa. Siku ngapi? Mtwana wa Hungaria alijua kwamba bwana atachukua. Alichokipigania, kizazi baada ya kizazi, ni kujua bwana ataishia wapi.

Kihungaria humwita mkulima huyo jobbágy. Katika karne ya 13 neno hilo lilikuwa cheo. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1222, tamko la mfalme kwa waungwana, inapolitaja inakusudia wakubwa wa mfalme. Kisha likateremka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia mtu anayelima ardhi ya mwingine. Kwa Kiswahili nimechagua kusema mtwana, nikijua kwamba pwani neno hilo lilimaanisha mtumwa mwanamume. Jobbágy hakuwa mtu wa kupelekwa mnadani peke yake. Alikuwa na nyumba, ng'ombe, mke wa ndoa ya kanisani, na wanawe walimrithi. Ila aliandamana na ardhi: shamba likiuzwa au likiwekwa rehani, yeye na watoto wake walihesabiwa ndani yake. Kuhusu bwana, neno kabaila linatosha. Wasomaji wa Tanzania wamelizoea tangu Azimio la Arusha, lilipowekwa bega kwa bega na bepari.

Wanaosimulia habari hizi huanza na mwaka 1514, na wana sababu. Aprili ya mwaka huo Kardinali Tamás Bakócz, akiwa na hati ya Papa Leo wa Kumi mkononi, alitangaza vita vya msalaba dhidi ya Waturuki. Wakulima walimiminika kambini karibu na mji wa Pest. Kwa mabwana wakati ulikuwa mbaya, maana mavuno yalikaribia na mikono ya kuvuna ilikuwa inaondoka. Wakaanza kuwazuia watu wao, na waliokwisha kuondoka wakateswa kupitia jamaa waliobaki nyumbani. Mei vita vikasitishwa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kupewa silaha, na walikuwa wameambiwa kwamba Mungu yuko upande wao. Wakiongozwa na György Dózsa, askari kutoka jamii ya Waszékely wa Transylvania, waliwageukia mabwana, wakachoma majumba yao na hati zilizokuwamo. Julai walishindwa mbele ya ngome ya Temesvár na jeshi la János Szapolyai. Dózsa alikalishwa kwenye kiti cha chuma kilichopashwa moto, akavishwa taji la chuma lenye moto, na wafuasi wake waliokuwa wameshindishwa njaa wakalazimishwa kung'ata nyama yake.

Nimeshasoma tukio hilo mara nyingi, na bado sijaweza kulipita haraka. Hata hivyo lililofuata lilidumu kuliko kiti kile. Oktoba bunge la mabwana lilikutana likatunga sheria ya kisasi: wakulima wamepoteza haki ya kuhama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, na sasa wako chini ya mabwana wao katika utwana kamili na wa milele. Kabla ya hapo mtu aliyemaliza kulipa kodi na madeni yake aliweza kufunga mizigo akaondoka. Mlango huo ukafungwa kwa maandishi.

Ndani ya sheria hiyohiyo kulikuwa na orodha. Kila mtwana mwenye nyumba atalipa forinti moja ya dhahabu kwa mwaka. Atatoa fungu la tisa la nafaka na mvinyo. Atatoa kuku mmoja kila mwezi na mabata bukini wawili kwa mwaka. Na atamfanyia bwana kazi siku moja kwa wiki. Siku moja: ndivyo ilivyoandikwa na watu waliokuwa wametoka kumchoma Dózsa akiwa hai, wakiwa na hasira zote na bila mtu wa kuwapinga. Namba hiyo tuishike, maana tutakutana nayo tena.

Bunge lilelile liliwekewa mezani kitabu cha mwanasheria István Werbőczy kilichokusanya sheria za mila za ufalme. Mfalme hakukitia muhuri wa kukitangaza. Werbőczy alikipeleka mwenyewe Vienna kikachapishwa mwaka 1517, na mahakama za Hungaria zikakitumia mpaka karne ya 19. Humo imo sentensi iliyowaumiza wakulima kuliko kiboko chochote, inayosema kwamba mkulima, katika ardhi ya bwana wake, hana chochote cha urithi isipokuwa ujira wa jasho lake. Ardhi yote ni ya bwana. Mtu aliyezaliwa kwenye kiwanja alichozaliwa babu yake, aliyeng'oa visiki na kuchimba kisima, alikuwa mpangaji tu. Kitabu hichohicho kilimfanya bwana kuwa hakimu wa mtwana wake. Mkulima hakuweza kusimama mahakamani kwa jina lake akamshitaki mwungwana. Alianzia kwenye baraza la shamba ambalo mwenyekiti wake ni bwana au mtu wa bwana, na akikata rufaa aliipeleka kaunti, ambako majirani wa bwana ndio waliokaa. Na juu ya kaunti kulikuwa na bunge la mabwana haohao.

Tuhesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu maneno haya yanabaki maneno. Chukua mkulima aliyevuna magunia 100 ya ngano. La kumi ni zaka ya kanisa, kwa hiyo magunia 10 yameondoka. Katika yale mafungu tisa yanayobaki bwana huchukua moja, ndiyo maana likaitwa fungu la tisa, ingawa kwa kweli ni magunia mengine 10. Mavuno ya zama zile yalikuwa mara tatu au nne ya mbegu iliyopandwa, basi magunia 25 au zaidi lazima yarudi udongoni msimu ujao. Zimebaki gunia 55 au pungufu. Humo atatoa kodi ya mfalme, ambayo mabwana hawakuilipa, na chakula cha askari wanaopita. Waliosalia kulishwa ni yeye, mkewe, watoto, na wazazi waliochoka. Kodi ya mfalme ilihesabiwa kwa lango la nyumba, kwa hiyo familia mbili tatu zilijibana nyuma ya lango moja. Mkulima asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kuisoma serikali.

Hesabu hiyo haijagusa shokoa. Fungu la tisa lina tabia moja ya kiungwana: mvua isiponyesha, bwana naye hupata kidogo. Shokoa haina tabia hiyo. Inachukua siku, na siku zenye thamani kwa mkulima ni chache: za kulima, za kukata majani, za kuvuna, za kuchuma zabibu. Jua lilipowaka juu ya shamba la bwana liliwaka vilevile juu ya ngano ya mtwana iliyoiva na kuanza kupukutika. Katika hali kama hiyo mtu anayeambiwa aje kesho, na keshokutwa, na mtondo, anapoteza chakula cha mwaka.

Namba ya mwaka 1514 haikukaa mahali pake. Kufikia karne ya 17, hasa magharibi na kaskazini mwa nchi, siku tatu kwa wiki zilikuwa jambo la kawaida, na palikuwa na mashamba ambako hati zilisema tu kwamba watwana watafanya kazi kadiri bwana atakavyoamuru. Kwa nini? Wengi hujibu kwa neno tamaa, na mimi sioni kama linatosha. Mabwana wa mwaka 1400 nao walikuwa na tamaa, lakini hawakuwa na sababu ya kutaka siku nyingi hivyo, kwa kuwa hawakuwa na mashamba makubwa ya kulimwa. Katika karne ya 16 bei ya vyakula ilipanda kote Ulaya, na forinti moja ya mwaka 1514 ikawa inanunua kidogo kuliko zamani. Bwana aliyeishi kwa kodi ya fedha aliona mapato yake yakiyeyuka. Aliyekuwa na ngano na mvinyo wa kuuza alinenepa. Basi mabwana wakapanua mashamba yao wenyewe, wakachukua viwanja vilivyoachwa na waliouawa au kukimbia vita, na hawakutaka kulipa vibarua wakati walikuwa na watu waliofungwa na sheria.

Wateja walikuwepo mlangoni. Baada ya Wahungaria kushindwa na Waturuki vitani huko Mohács, tarehe 29 Agosti 1526, na baada ya Waturuki kuichukua Buda mwaka 1541, Hungaria iligawanyika vipande vitatu: ukanda wa wafalme wa ukoo wa Habsburg wa Vienna, magharibi na kaskazini, utawala wa Sultani katikati, na Transylvania mashariki. Mpaka ulijengewa ngome, na askari wa ngome hula na kunywa. Mabwana walishika pia haki ya kuuza mvinyo kijijini. Kwa miezi kadhaa ya mwaka mtwana alikatazwa kuuza mvinyo wa zabibu zake mwenyewe, na alinunua wa bwana, hata uliochachuka.

Ramani nayo ilikuwa na neno lake. Kabaila wa Poland alikuwa na mto unaoshuka kaskazini hadi bandari ya Gdańsk, na kutoka huko ngano ikaenda Uholanzi. Mto Danube hutiririka kuelekea kusini-mashariki, kumwelekea Sultani, mbali na wanunuzi wa Ujerumani na Italia. Gunia la ngano kupandishwa mto kinyume cha maji lilikuwa ghali. Ng'ombe hakuhitaji mto, alitembea mwenyewe. Kutoka Uwanda Mkubwa wa Hungaria ng'ombe wenye pembe ndefu waliswagwa kwa makundi makubwa hadi Vienna, Nuremberg na Venezia, na biashara hiyo ndiyo iliyoipa uhai miji ya uwandani kama Debrecen, Kecskemét na Nagykőrös. Wakazi wake walikuwa watwana kisheria, lakini walimlipa bwana kiasi kimoja cha fedha kwa mji mzima, walichagua hakimu wao, na hapakuwa na mnyapara wa kuwagongea alfajiri. Kwa hiyo anayesema "mtwana wa Hungaria aliishi hivi" lazima aseme pia wapi. Mwanakijiji wa kaunti ya Vas na mchunga ng'ombe wa Kecskemét walikuwa chini ya kitabu kimoja cha Werbőczy, na maisha yao hayakufanana.

Tusije tukaifanya Kecskemét kuwa pepo. Mji huo ulikuwa ndani ya himaya ya Sultani na ulilipa kodi Buda. Bwana wake wa Kihungaria alikuwa amekimbilia upande wa Habsburg, ila alikimbia na haki zake, na kila mwaka alidai chake kutoka ng'ambo ya mpaka. Asipopewa, askari wa ngome ya Fülek walivuka usiku wakachukua ng'ombe au watu. Vitabu vya hesabu vya Nagykőrös vya karne ya 17 vinaonyesha malipo na zawadi zikienda pande zote mbili, kwa Waturuki na kwa Wahungaria. Waswahili tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Uwandani walikaa karibu miaka 150, na zizi ndilo lililowalisha. Hata hivyo miji iliyosimamiwa moja kwa moja na hazina ya Sultani ilikuwa afadhali kuliko vijiji vilivyogawiwa askari wa farasi, kwa sababu hazina ilikuwa na daftari na daftari lilikuwa na kiasi. Hicho ni kikomo tena, safari hii kwa mwandiko wa Kituruki.

Mtu anaweza kuniuliza: kama sheria ilikuwa ya mabwana, mahakama ya mabwana na bunge la mabwana, mtwana aligombea kikomo kwa silaha gani? Jibu langu ni miguu. Vita vilimaliza watu, na ardhi bila watu haizai kodi. Bwana aliyeibiwa mtwana na jirani yake alipiga kelele bungeni, na jirani huyohuyo mwaka uliofuata alipiga kelele zilezile. Mwaka 1547, miaka 33 tu baada ya kisasi, bunge liliandika katika kifungu cha 26 maneno ambayo sikutegemea kuyakuta: kwamba pengine hakuna kilichoidhuru Hungaria kuliko kuonewa kwa wakulima, ambao kilio chao kinapanda mfululizo mbele za Mungu. Wakarudisha haki ya kuhama. Wengine huyasoma maneno hayo kama toba ya watu waliopigwa Mohács, na sikatai kwamba hofu ya Mungu ilikuwepo. Lakini haki hiyo ilirudishwa, ikazuiwa, ikabishaniwa tena, mpaka mwaka 1608 bunge likaziachia kaunti ziamue zenyewe. Hofu ya Mungu ilikuwa nchi nzima. Uhaba wa watu ulitofautiana kaunti kwa kaunti, na mabwana walipiga kura kwa kuangalia mashamba yao. Bwana mkubwa mwenye nafasi ya kuwavuta watu kwa ahadi alifaidika watu wakihama. Bwana mdogo mwenye familia kumi aliogopa kuamka asubuhi akakuta moshi hautoki jikoni kwa mtu.

Wengine hawakuhamia kwa bwana mpya, walihamia kwenye bunduki. Waswaga ng'ombe na watwana waliokimbia walijulikana kama hajdú, wakapigana kwa yeyote aliyelipa. Desemba 1605 István Bocskai, aliyekuwa ametwaa uongozi wa Transylvania kwa msaada wao, aliwapa zaidi ya elfu tisa kati yao ardhi na uhuru wa pamoja. Kwa waliobaki vijijini silaha ilikuwa ya kimyakimya zaidi. Mtwana alifika shambani kwa bwana jua likiwa limepanda, akaleta ng'ombe waliokonda, akamtuma kijana wa miaka 12 badala yake, akalima juu juu. Siku ilikuwa imeandikwa, lakini hakuna karani aliyeweza kuandika nguvu za mkono.

Waturuki walipofukuzwa Buda mwaka 1686, jambo moja liliwapata mabwana ambalo nalitaja kwa makusudi. Serikali ya Vienna iliunda tume, ikawaambia: mnayesema ardhi iliyokombolewa ni yenu, leteni hati, na mkishathibitisha lipeni asilimia 10 ya thamani yake. Hati nyingi zilikuwa zimeungua vitani. Familia kubwa zikajikuta zikiapa na kutafuta mashahidi wazee, mbele ya afisa asiyewaamini, juu ya ardhi waliyojua ni ya babu zao. Kwa kitambo kifupi walionja alichokula mtwana kila alipofika barazani. Ardhi ambazo wenyewe hawakupatikana ziligawiwa watu wapya. Johann Georg Harruckern, aliyewahi kulilisha jeshi la mfalme, alipata sehemu kubwa ya kaunti ya Békés, ambayo ilikuwa karibu tupu. Ardhi tupu ilimfundisha adabu upesi: aliwaita Waslovakia wa Kilutheri, Wajerumani na Wahungaria, akawapa miaka ya msamaha wa kodi na mikataba laini. Békéscsaba ilijazwa watu upya hivyo kuanzia mwaka 1718. Huko kaskazini walikotoka Waslovakia hao, mabwana walitaka warudishiwe watu wao.

Kati ya hayo mawili kulikuwa na vita vya Ferenc Rákóczi wa Pili dhidi ya utawala wa Habsburg, 1703 hadi 1711. Rákóczi alikuwa miongoni mwa makabaila wakubwa kuliko wote nchini, na wa kwanza kumfuata walikuwa watwana. Agosti 1703, kwa tangazo la Vetés, aliwaahidi wanaoshika silaha kwamba wao na familia zao hawatadaiwa kodi wala shokoa muda wote wa vita. Mabwana waliojiunga baadaye walinung'unika kwamba vita vinawamalizia watu. Ulipotiwa saini mkataba wa amani wa Szatmár mwaka 1711, mabwana walisamehewa na kurudishiwa mali. Watwana walirudi kwenye shokoa. Sijui namna ya kuiandika sentensi hiyo ikapungua ukali, na sidhani inapaswa kupungua.

Kuanzia mwaka 1715 ufalme ulikuwa na jeshi la kudumu, na jeshi la kudumu linalipwa kwa kodi ya kudumu. Waliolipa ni walewale. Vienna ikaanza kumtazama mtwana kwa jicho jipya: ng'ombe aliyekamuliwa usiku kucha na bwana hana maziwa serikali ikija asubuhi. Malkia Maria Theresa aliliomba bunge la 1764 na 1765 lipunguze mzigo wa watwana. Likakataa. Hakuliita tena mpaka alipofariki mwaka 1780. Wakati huohuo wakulima wa magharibi, kwenye kaunti kama Vas na Zala, waligoma kufanya shokoa, wakatuma wajumbe Vienna, na uvumi ukaenea kwamba malkia amekwisha kuandika barua ya nafuu ila mabwana wameificha. Jeshi likaitwa kuwatuliza. Lakini Januari 1767 malkia alitia saini amri ya kupanga madai ya mabwana, bila bunge, na ndipo maofisa wakaingia vijijini na maswali tisa.

Amri hiyo iligawa kaunti kwa ubora wa udongo, ikataja kiwanja kizima ni eneo gani. Mwenye kiwanja kizima atafanya siku 52 kwa mwaka akiwa na wanyama wake, au siku 104 kwa mikono. Mwenye nusu kiwanja, nusu yake. Mtu mwenye nyumba tu bila shamba, anayeitwa zsellér, siku 18; asiye na nyumba, siku 12. Forinti moja ya nyumba. Kuku wawili, majogoo wawili waliohasiwa, mayai 12, kipimo kimoja cha siagi. Siku ya kazi inaanzia jua linapochomoza hadi linapozama, na mwendo wa kwenda na kurudi umo ndani ya siku, maana kulikuwa na mabwana walioanza kuhesabu pale tu jembe lilipogusa udongo wao.

Siku 52 kwa mwaka ni siku moja kwa wiki. Malkia mtakatifu kwa wakulima, adui kwa mabwana, aliwarudisha hasa pale walipowekwa na sheria ya kisasi ya mwaka 1514. Miaka 253 ya kuteleza, na nafuu kubwa kuliko zote ikawa ni kutekelezwa kwa adhabu ya babu zao. Ndiyo sababu siwezi kukubali simulizi inayosema kwamba utwana wa Hungaria ulijengwa siku moja na bunge lenye hasira. Bunge lile lilifunga mlango wa kutokea, hilo ni kweli na ni kosa kubwa. Siku ya pili na ya tatu ziliongezwa na watu waliotulia, misimu ya kawaida, katika mashamba ambako hakuna aliyeuawa wala kuchomewa nyumba, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema basi.

Nafuu haikufika kila mahali. Uwandani, kwenye vijiji vilivyokuwa na mikataba laini ya wakati wa kutafuta watu, kiwango kimoja cha malkia kiligeuka mzigo mpya. Mabwana waliokuwa wakichukua kidogo waliambiwa na serikali kwamba wana haki ya kuchukua zaidi, na wengine hawakusubiri kuambiwa mara mbili.

Mwana wa malkia, mfalme Joseph wa Pili, alikwenda mbele zaidi baada ya damu kumwagika. Mwisho wa mwaka 1784 wakulima Waromania wa Transylvania, chini ya Horea, Cloșca na Crișan, waliinuka, na Februari 1785 Horea alivunjwavunjwa kwenye gurudumu mjini Gyulafehérvár, ambao Waromania huuita Alba Iulia. Agosti mwaka huohuo amri ya Joseph ilifuta utwana wa milele na kuliondoa hata neno jobbágy katika matumizi. Mkulima aliruhusiwa kuhama, kuoa, kujifunza ufundi na kusoma bila kumwomba bwana. Januari 1790, akiwa mgonjwa wa kufa na nchi ikiwa imemkataa, Joseph alizifuta amri zake karibu zote kwa Hungaria. Ya wakulima aliiacha, pamoja na ile ya uvumilivu wa dini, na bunge la 1791 likaithibitisha haki ya kuhama.

Shokoa ilibaki, ikafutwa kwa sheria za Aprili 1848, na hapo zile karatasi za malkia zilifanya kazi ya mwisho ambayo pengine hakuna aliyeikusudia. Ardhi iliyokuwa imesajiliwa kuwa ya mtwana ikawa mali yake. Sentensi ya Werbőczy ilikufa siku hiyo kwa kila mtu ambaye kiwanja chake kilikuwa kimeandikwa. Lakini katika miaka 80 iliyotangulia viwanja vilikuwa vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na mabwana wamenyakua malisho na misitu, hata idadi ya zsellér ikazidi ya wenye mashamba. Zsellér naye alisamehewa siku zake 18. Alibaki na nyumba na ua wake, na asubuhi akaenda kuomba kibarua kwenye shamba lilelile.